Kaniki Yako na Mwezi wa Mlali

Mama, shikamoo. Najua huwezi tena kuniitikia marahaba, lakini nikianza barua bila kukuamkia utanikunjia uso hata huko uliko. Nakuandikia kwa herufi nilizofundishwa chuo cha Kurani, zile ulizokuwa ukisema ni nyayo za kuku. Nikimaliza nitaisoma kwa sauti kisimani, mbele ya wanawake wote wa Mlali, na mwenye kutaka kumpelekea akida habari na ampelekee. Nimechoka kunong'ona.

Bwana Vioo amerudi. Ndiye yule yule Mdachi wako, mwenye sanduku la picha la miguu mitatu na vioo vyake vya kunasia picha anavyovifunga kwa pamba kama mayai.

Unakumbuka alivyokuja mara ya kwanza? Kilikuwa kile kiangazi kibaya, nyika yote chini ya mashamba yetu imebaki vumbi na visiki vilivyoungua. Sisi tulikuwa tukihangaika na maji, yeye akaiona nchi nzuri. Alitaka picha ya mwezi ukichomoza juu ya nyika kavu saa ya magharibi, na mbele yake mwanamke mwenye mtungi kichwani. Akakuchagua wewe. Mimi mjinga, mtu mzima niliyekwisha kuolewa, nikafurahi kwamba mama yangu anatakiwa Ulaya. Ndipo akida akatafsiri yaliyobaki: uvue kaniki, usimame kifua wazi, maana huko kwao ndivyo wanavyopenda kutuona.

"Kwani mkewe naye hupigwa picha hivyo?" ukamwuliza.

Hilo akida hakulitafsiri.

Kaniki ile uliipata kwa mtama wa mikono yako. Ulikuwa mtu wa kuswali, na hata mvua ikukute shambani hukuwahi kutembea umeachia nguo. Ungekataa pale pale, nakujua. Lakini mjomba alikuwa bomani Morogoro, mnyororo shingoni, kwa kosa la kukataa kazi ya reli, na akida alilijua hilo vizuri. "Vua, mama, na kaka yako atafunguliwa," akasema. "Ukikataa, atapelekwa pwani, na huko hatujui kama atarudi." Mjomba ndiye ndugu pekee uliyebaki naye, na kwetu Waluguru, ambako mtoto ni wa ukoo wa mama, bila yeye tusingekuwa na wa kutusemea.

Ukauliza swali ambalo sikulielewa: "Mwezi anautaka siku gani?"

Bwana Vioo akafungua kitabu chake cha nyota. Kitabu kikasema siku ya kumi na nne ya mwandamo, jua likizama tu, mwezi utachomoza. Ukaitikia kwa kichwa. "Basi nitavua mwezi ukitokeza, si kabla. Na kaka yangu aletwe hapa kwanza, nimwone kwa macho yangu hana mnyororo." Akakubali upesi, kwa jinsi alivyokiamini kitabu chake.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani nikaanza kulia. Ukanishika mkono. "Wacha kulia, mwanangu. Kitabu chake hakijaambiwa kwamba hapa kuna mlima."

Nikacheka huku machozi yakinitoka. Nani hapa Mlali asiyejua? Mwezi wetu hutokea nyuma ya Uluguru, na ule wa kumi na nne hukawia huko nyuma mpaka giza liingie. Anayetaka kuuona saa ya magharibi huja siku moja kabla.

Siku yao ikafika. Mjomba akaletwa, shingo ina vidonda lakini haina chuma. Ukamwambia tu, "Kawasalimie Kinole," naye akaelewa, akashika njia ya mlimani bila kugeuka. Hawakumpata tena. Wewe ukajitwika mtungi juu ya ngata, kaniki umeifunga kwapani, ukasimama. Jua likazama. Bwana Vioo akatazama saa, akatazama kitabu, akatazama mlima. Mbingu ikawa nyekundu, kisha zambarau, na wewe umesimama tu unangoja mwezi mliokubaliana. Mwezi ulipotokeza, giza lilikwisha kuingia, mashine yake haikuweza kuuona hata mtungi, na asubuhi alikuwa na safari.

Walikuadhibu kuchota maji ya boma mpaka mvua za kwanza. Ukarudi na goti lile bovu ambalo halikupona mpaka tulipokuzika. Sijawasamehe, mama, na leo nalisema mchana kweupe.

Sasa akida kaja mlangoni kwangu. Hakukaa hata kwenye kigoda. "Mama yako alitudanganya," akasema. "Wewe utatuambia siku yenyewe, na utasimama wewe, kama alivyotakiwa kusimama yeye."

"Mama hakudanganya," nikamjibu. "Hakuna aliyemwuliza."

Nikamwambia siku ya kumi na tatu. Usinikasirikie. Wewe uliwakomesha kwa mwezi uliochelewa, mimi nilitaka utokeze.

Jana nilisimama kwenye nyika ile ile, na ngata yako na mtungi wako, nimevaa kaniki yako yenye kiraka begani. Ukingo wa mwezi ukajitokeza juu ya mlima, mwekundu, nchi bado inaonekana vizuri. Bwana Vioo akapunga mkono kuelekea chini. Akida akapiga kelele, "Vua!"

Nikapeleka mkono kwenye fundo la kaniki, nikalikaza.

"Mwambie mwanga unakwisha," nikamwambia akida. "Apige hivi hivi au aache."

Safari hii alitafsiri. Bwana Vioo akatukana kwa lugha yake, akatazama mwezi unavyopanda, akatazama kioo kimoja alichobakiza. Kisha akaingiza kichwa chini ya kile kitambaa cheusi. Nililitazama jicho la sanduku lake bila kupepesa, nikalisikia likilia, ta!

Kesho nimeitwa bomani. Huenda ni maji, huenda ni zaidi ya maji, na goti langu si zuri kuliko lako. Naogopa, mama. Lakini picha imekwisha kupigwa. Itavuka bahari, na watu watautazama mwezi wetu, nyika yetu, na mwanamke wa Mlali aliyevaa nguo yake. Watamtazama watakavyo, humo ndani hamna akida wa kumvua.

Kaniki sijaifua, bado ina vumbi la nyika. Nitakwenda nayo bomani hivyo hivyo. Lala, mama, usiningojee kwa wasiwasi.

Ni mimi binti yako, niliyerithi kaniki.