Mafua ya Fundi Cherehani

4 Juni

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. U mzima huko maabara? Unakula? Mimi mafua yameniachia, nimebaki na pua nyekundu na sura ileile unayoijua, haikutengemaa. Tatizo ni mama yako. Sasa yeye ndiye amelala, homa kali, kifua kinapiga mluzi. Daktari amesema ni virusi vya mafua, amempa dawa.

Unajua tunavyofanya kazi. Mimi nabana pini midomoni, yeye anazichomoa moja moja, anazibana midomoni mwake, huku akinisema: "Mzee, punguza mate!" Nilikuwa nakohoa na bado tukashona, sare za shule hazingoji mtu. Wewe ndiye unayevisoma virusi hivyo. Hebu nieleze, vinaingiaje? Ni mimi niliyempa?

Baba yako, fundi wa mate

9 Juni

Shikamoo Baba,

Mimi mzima, nakula. Mpe mama pole nyingi. Akianza kuhema kwa shida usingoje kupambazuke, mpeleke hospitali.

Juu ya seli za pua na koo kuna sukari ndogondogo zimesimama, kama manyoya ya mahameli. Kirusi kina vijino vinavyonasa hapo. Kijino kimoja hushika kilegevu, lakini vikinasa vingi, hakibanduki. Kisha seli yenyewe inakikunja ndani ya kifuko, kama unavyokunja pindo, ikidhani imepata riziki. Ndani ya kifuko hicho kunakuwa na uchachu. Uchachu ndio unaokifungua kirusi: ngozi yake inaungana na ya kifuko, mzigo wake wa maagizo unamwagika ndani ya seli, na seli inaanza kutengeneza virusi vingine.

Niandikie upesi hali yake.

Binti yako

2 Julai

Mwanangu,

Hujambo? Mimi nipo. Tangu uondoke baada ya mazishi, cherehani ya mama yako nimeifunika shuka. Wateja wakiuliza, nasema imeharibika.

Barua yako nimeirudia mpaka mafua nayajua kuliko suruali, jambo ambalo halitawashangaza wateja wangu. Vinanasa, vinakunjwa, vinafunguka. Lakini nilikuuliza neno moja, ukanipa somo zima. Msibani nyumba ilijaa watu, sikuthubutu kurudia. Ni mimi? Usinifiche, mimi mtu mzima.

Baba yako

8 Julai

Shikamoo Baba,

Sijambo, ila usingizi umenikimbia.

Inaelekea ni wewe. Lakini usizilaumu pini. Mlilala chumba kimoja, mkivuta hewa moja. Hiyo peke yake ingetosha.

Kuna jambo sikukwambia. Ulipoanza kuugua nilimpigia mama simu, nikamwomba alale chumba kingine mpaka upone. Akacheka. "Nimevumilia mikoromo yake maisha yangu yote, leo nimkimbie kwa chafya?" Nilijua kifua chake ni dhaifu, Baba. Niliyajua yote niliyokuandikia. Nami nikacheka naye, sikumsisitiza.

Kisha akaniaga haraka. Akasema unamwita, eti blanketi limeanguka na huwezi kuinama.

Binti yako