Soksi Ndani ya Gunia la Mchele

Baba Hanifa,

Maharage yameiva, yaunge tu. Wali pika wa mchele ulioko kwenye ndoo. Gunia la mchele wa Madibira usiliguse mpaka nirudi, maana sijui umefukia nini kingine humo.

Ndiyo, lenzi ya kamera yangu imepatikana! Asubuhi ulitoka umenuna kwa sababu nilikuuliza tena kama umeiuza. Nikaenda kuchota mchele wa mchana, kopo likagonga kitu kigumu. Soksi yako ya kijivu, na lenzi ndani yake! Ndipo nikakumbuka masika, simu yako ilipolowa ukaikausha kwenye mchele, ukatamba wiki nzima. Kumbe na lenzi ilipoanza kuingia ukungu uliitibu kwa dawa hiyohiyo, halafu ukasahau, ukanisaidia kuitafuta hadi uvunguni! Nilikaa chini nikacheka mpaka machozi.

Sasa naenda mjini dukani kwa Iqbal kuchukua kamera mpya. ~~Nitachukua ile ndogo uliyoisifia.~~ Hapana. Ile haioani na lenzi hii. Nachukua toleo jipya la kamera yangu ileile, kubwa na nzito vilevile, inayoipokea bila maneno. Lenzi hii ndiyo iliyompiga marehemu mama picha yake ya mwisho akicheka. Jumamosi nitaivaa kamera hiyo shingoni kwenye harusi ya Tosamaganga.

Chai uliyoisusa iko kwenye chupa. Kunywa, mume wangu, yameisha.

Soksi nimeifua. Ya pili siioni. Kabla ya kusonga ugali wa jioni, chungulia kwenye unga.

Mama Hanifa