Maji ya Udhu kwa Mkungu

Jumanne, 4 Februari
Nimefagia ua baada ya alfajiri, kama kawaida. Chumvi imepanda tena juu ya ardhi, nyeupe kama unga. Nimeonja kwa ncha ya ulimi. Kali. Marehemu Baba alioshea papa wa chumvi hapa miaka mingi. Hata gugu halioti.

Kaka Salum kaja kutoka dukani kwake Kariakoo. Anataka kumwaga zege ua mzima, ajenge fremu za kupangisha. Nimemwomba nijaribu kupanda mti kwanza. Kacheka. "Mwanaidi, hapo utavuna samaki wa ng'onda!" Kanipa mpaka Idi. Pasipo na jani bichi, zege.

Jumapili, 16 Februari
Nimepanda miche miwili ya mkungu, mti wa kivuli. Bismillah. Mgao wa maji, bomba kavu. Nimemwagilia ya kisima.

Alhamisi, 27 Februari
Mche mmoja umekufa. Wa pili majani yameungua, yamepukutika. Nimelia.

Mpangaji wetu Mama Neema, mtu wa Lindi, kanikuta na ndoo. "Dada, maji ya kisima hiki hata chai yanaiharibu. Unautilia mti chumvi juu ya chumvi!"

Kweli. Maji yale nayajua tangu utoto. Sikufikiri.

Jumatano, 5 Machi
Mfungo. Bomba linadondosha kidogo tu. Nimeweka beseni, nyumba nzima tunatawadha juu yake. Maji ya bomba, hayana chumvi wala sabuni. Yote yanakwenda kwa mche. Mama Neema kaleta maganda ya mahindi kutoka sokoni, kafunika chini ya shina ili jua lisivute chumvi juu. Mungu amlipe. Bado naogopa.

Jumatatu, 31 Machi
Idi. Kijiti kitupu. Nimevaa, nimeswali, moyo mzito.

Baada ya pilau Kaka kaja na fundi kupima ua. Ahadi ni ahadi. Kaka kainama ang'oe kile kijiti. Akasita.

"We Mwanaidi, njoo."

Chipukizi. Dogo kama ukucha.

"Haya fundi, pima upande wa mbele tu."

Alhamisi, 12 Februari
Mwaka umepita. Mkungu umenifika begani. Chini yake majani yameoza, nyungunyungu wamekuja. Mchicha aliopanda Mama Neema umeota. Nimeonja udongo: chumvi ya mbali. Nje ya kivuli bado kweupe.

Adhuhuri Kaka katawadha hapa. Beseni kalibeba mwenyewe, kamwaga taratibu shinani. Nami nimelirudisha beseni chini ya bomba.