Pua ya Baba Mdogo

Jumatatu, 3 Juni
Mama Mdogo kaja kazini, kaishika simu ya marehemu mumewe kwa mikono miwili. Ndani mna faili la Baba Mdogo, umbo la pande tatu, kichwa na mabega. Tulimpiga picha hiyo mwaka jana kwa mzaha, tukijaribu app. Anataka sanamu yake. Printa yetu ya kuchapa vitu vya plastiki hailisomi faili la simu, lazima nilibadilishe fomati kwanza. Nikamwambia ni kazi ndogo tu. Mdomo wangu huu!

Jumanne, 4 Juni
Si ndogo. Kila nikilibadilisha, mzee anatokea kichwa chini kama popo. Bosi yuko mgongoni kwangu, foleni ya printa ndefu. Nikabonyeza Geuza — akasimama wima! Nikajisifu mpaka wenzangu wakaninunia.

Alhamisi, 6 Juni
Nimempelekea. Kampapasa paji la uso, kidevu. Kisha akaniombea dua mpaka nikaona haya. Akamweka sebuleni, juu ya kabati. Nimefurahi. Kweli nimefurahi.

Jumatatu, 10 Juni
Fundi bomba karudisha kifuniko nilichomtengenezea. Hakiingii — kumbe njia zake za kukazia, kama za skrubu, zinazunguka kinyume! Nikacheka. Halafu kicheko kikanikauka. Kifuniko kile nacho kilitoka kichwa chini, na nacho nilikigeuza.

Geuza haizungushi kitu. Inakitoa kama kilivyo kwenye kioo, kulia kuwa kushoto. Nilipaswa kubonyeza Zungusha. Zungusha! Mwanafunzi wa wiki ya kwanza analijua hilo. Nikatafuta picha ya harusi ya dada. Pua ya Baba Mdogo imepinda kuelekea shavu la kulia, tangu ilipovunjwa na mpira. Ya sanamu yangu imepinda kushoto.

Mjane kaniombea dua kwa uso ambao mumewe hakuwahi kuwa nao.

Jumanne, 11 Juni
Nimechapa nyingine, sahihi. Imo mkobani. Sijaenda.

Ijumaa, 14 Juni
Balaa. Mama anasema Mama Mdogo na mwanawe, Kaka Dereva, hawasemezani. Alimtumia picha ya sanamu, naye akajibu huyo si Baba. Mama Mdogo akamwambia ameshinda barabarani mpaka sura ya baba yake kaisahau. Na kweli mazishi hayakumkuta, alikuwa safarini na mzigo. Neno hilo limemchoma pale pale penye kidonda.

Anayesema kweli ndiye anayetukanwa. Na mimi? Nimetulia kama maji ya mtungi, namwitikia mama yangu eti watapatana tu. Najichukia.

Jumapili, 16 Juni
Nimekwenda. Mkoba begani, maneno nimeyapanga njia nzima. Juu ya kabati hakuna sanamu! Mama Mdogo akanipeleka chumbani. Kaihamishia kwenye meza ya kujipambia, uso umeelekea kioo, sisi tumepewa kisogo. Nikamuuliza kwa nini.

"Hata sijui, mwanangu. Nikimtazama usoni namwona mgeni. Nikimtazama kiooni, ndiye."

Akajicheka, akasema ni uzee. Nikachungulia kioo. Pua imepinda kuelekea shavu la kulia. Huyu mama hakudanganyika hata kidogo, kajilaumu yeye badala ya kunilaumu mimi.

Nikautia mkono mkobani. Ndipo simu yake ikaita. Kaka Dereva. Hakuipokea, akanisukumia mimi.

"Mwambie wewe uliyemtengeneza. Mwambie ndiye baba yake."

Nikaiweka sikioni. Kaka hakungoja hata salamu, alidhani ni mama yake.

"Nisamehe, Mama. Nimeiangalia tena ile picha. Labda kweli nimemsahau."

Mama Mdogo ananitazama kupitia kioo, anasubiri nijibu. Mkono wangu mmoja bado umo mkobani, umeishika pua ya ile sanamu sahihi.