Bangili ya Mzee Harbans

Jumapili. Mvua haijakatika tangu alfajiri na nyumba yote inanuka unyevu. Sijala kitu tangu nirudi kutoka Bombolulu.

Nimeficha jambo hili miaka mingi. Leo naliandika.

Miaka ya themanini mwishoni nilikuwa fundi Changamwe, kwa Mzee Harbans, Kalasinga aliyeunda bodi za malori. Alikuwa mjane, na mwanawe wa pekee aliishi Uingereza. Nyumbani alikuwa na Mama Kadzo, aliyempikia na kumfulia. Mzee hakuwahi kukata nywele wala ndevu maishani mwake. Mkononi alivaa bangili ya chuma, na sikumwona akiivua hata alipopiga randa. Niliwahi kumuuliza ni ya nini. Akaniambia ni ya kuukumbusha mkono, ukitaka kutenda ubaya uione kwanza.

Jumapili moja alitupeleka mimi na Mama Kadzo hekaluni kwao, kisiwani. Tulivua viatu, tukafunika vichwa, tukakaa sakafuni safu moja na matajiri na vibarua, tukala chapati na dengu. Kwao hakuna anayekalia kiti wengine wakiwa chini. Mama Kadzo aliizungumza siku ile wiki nzima.

Mzee aliugua, mwanawe akaja. Siku ya tatu mzee akafa, asubuhi. Mwana akaenda kuwaita wazee wa hekalu, nami nikabaki na maiti, Mama Kadzo akiingia na kutoka na ndoo za maji. Nilikuwa nampenda mzee yule, wallahi. Nikachukua maji na sabuni nikaanza kumwosha kama nilivyomwosha baba yangu. Kwetu maiti haendi na pambo. Nikapaka sabuni kifundo cha mkono, nikaivua bangili, nikaitia mfukoni nimpe mwanawe akirudi.

Sikujua kwamba kwao ni kinyume. Wazee walifika, wakamwosha upya, wakamfunga kilemba, wakampa kitana chake cha mbao na kisu chake kidogo. Kalasinga aliyekula kiapo cha dini huchomwa na alama zake zote tano: nywele, kitana, kisu, kaptula na bangili. Walipofika mkononi, mwana akauliza bangili iko wapi.

Ningeitoa pale pale, yangekwisha. Lakini wote walinigeukia, na nikaona wameshaniita mwizi kabla sijafungua mdomo. Nikasema sijui.

Wakamgeukia Mama Kadzo.

Mwana alimpekua kapu lake, akamfungulisha mpaka fundo la leso. Hakupata kitu, na bado alimfukuza siku ile ile. Mimi nilisimama karibu na mlango na chuma kikinigusa pajani. Mzee akachomwa mkono mtupu.

Hakuna nyumba iliyomwajiri tena, maana habari ilimtangulia kila alikobisha. Aliishia Kisauni, akiponda kokoto juani miaka yote ya tisini. Mara mbili nilimwona kwa mbali nikabadilisha njia.

Juzi nilisikia ni mgonjwa. Leo nimekwenda Bombolulu, kwenye chumba alichopanga, nikamwamkia shikamoo, akanijua kwa sauti kwa kuwa macho yamekwisha. Nikamwekea bangili kiganjani. Akaizungusha polepole. Vidole vyake havikunjuki tena.

"Nalikuona ukiitia mfukoni," akasema. "Nikangoja useme mwenyewe."

Nikamuuliza kwa nini hakunitaja.

"Ulikuwa walia, mwanangu. Nikajua hukuiba. Nikasema, atanena tu, leo ama kesho."

Akanirudishia bangili, akasema si yake, akageukia ukutani. Hakusema amenisamehe, nami niliona haya kumwomba.

Asubuhi nitakwenda hekaluni kisiwani, inshallah. Nitavua viatu nikae sakafuni, nilitaje jina la Mama Kadzo na langu mbele yao wote.

Ila wa siku ile wamebaki wangapi wa kunisikia?