Bei Nilipata Nzuri, Mke Wangu Anauliza Kamba

Mshauri wetu Madinah,

Mimi ni mzee wa miaka sabini na tisa kwa hesabu ya mama yangu, na kwa hesabu ya kitambulisho ni sabini na sita, lakini mama yangu ndiye alikuwepo. Pamba ya Mbale ilikufa mimi nipo, mashine za kuichambua zikaota majani ndani mimi nipo, wezi wa ng'ombe waliomaliza zizi la baba yangu walizeeka wakafa mimi nipo, serikali nyingi zilikuja zikaenda na sitazitaja kwa sababu zingine zimeacha watoto, na madaktari wawili walionikataza chumvi wamezikwa wote, mimi chumvi nakula. Kwa hiyo usidhani anayekuandikia ni mtu aliyeshindwa. Naomba unisaidie kwa jambo moja tu, dogo, ambalo ni kwamba mke wangu ameondoka.

Barua hii naandika kwa mkono wangu mwenyewe, shule niliacha darasa la tatu kwa sababu mwalimu alikuwa mbishi, na Kiswahili nilikiokota Jinja kwenye kiwanda cha nguo, tulikuwa watu wa kila kabila na Wakenya wengi, na huko huko Jinja ndiko nilimpata Nangobi, msichana wa Buwenge, alikuwa anauza ndizi za kuchoma langoni. Siku ya kwanza alinipa ndizi iliyoungua upande mmoja, nikarudi kulalamika, na tangu siku hiyo mpaka leo tunalalamikiana vizuri tu. Watu wanamwita Mama Night, kwa jina la binti yetu mkubwa. Nilimleta huku kwetu Busiu, nikamwonyesha kulima kwenye udongo mgumu, akanishinda, lakini mimi ndiye nilimwonyesha.

Sasa sikiliza vizuri. Hapa senta ya Busiu, penye maduka, mtu akitaka kujua bei anakuja kwangu, haangalii simu. Nikisema mahindi yatapanda bei, yatapanda, na yasipopanda hayo ni makosa ya mahindi. Juzi juzi bei ilikuwa juu, basi kila mtu akalima mahindi mpaka karibu na mlango wa kanisa, mimi nikavuna nikasema nangoja. Wenye malori walikuja nikawafukuza, wakaja tena na bei ya chini nikawafukuza kwa hasira zaidi, sasa hawaji kabisa, na mahindi yamelala kwenye stoo na fukusi wameanza kula kabla yangu. Nangobi si kama mimi. Yeye hangoji bei. Aliuza kuku wake na karanga zake akanunua ndama mmoja wa ng'ombe wa maziwa, hizi za kizungu zenye madoa, na mimi nilimcheka, nikamwambia hiyo ni mbuzi imepotea njia. Ile ndama ikakua, ikazaa, maziwa yakaanza kutoka asubuhi na jioni, mtu wa pikipiki anapita na makopo yake anachukua, na bei ya maziwa haina kelele, inapanda kidogo inashuka kidogo, lakini kesho ipo. Nikaanza kusema pale senta, ng'ombe yangu hivi, ng'ombe yangu vile, na Nangobi alinisikia na hakunikatalia mbele za watu. Ndiyo maana nilijua ni yangu.

Halafu kuna ardhi. Zamani huku kwetu ekari moja ulipata kwa dume mmoja mzuri wa ng'ombe, na mtu alitaka kunipa mteremko wote ule wa chini, nikasema bei ni ya wazimu, nitangoja ishuke, na nikwambie ukweli, bado nangoja. Tangu mji wa Mbale uanze kutambaa kuja huku kwenye barabara ya Tororo, kila mwaka dalali anakuja amevaa viatu vizuri kuliko mwaka jana. Sasa Obura, jirani yangu, akasema anauza ekari ambayo imepakana na yangu, nikasema safari hii sikosi. Mahindi hayana bei, lakini ng'ombe za maziwa zimepanda sana kwa sababu Wakenya wanavuka mpaka kuzitafuta. Nangobi alikuwa ameenda kwenye mazishi kijiji cha pili. Mimi nikafungua ng'ombe nikaenda sokoni.

Madinah, ungekuwepo. Alikuja Mkenya mmoja anaitwa Odero, mnunuzi anayejulikana, nikamtajia bei, akanitazama akasema, "Mzee, unauza ng'ombe au unauza lori?" Nikamwambia lori akalikamue kama anaweza. Watu wakakusanyika. Akaondoka, akarudi, akaangalia meno, akaangalia chuchu, akaondoka tena, mimi nimekaa tu kama sijamwona, na mwisho akalipa ile niliyosema mimi, siyo ile aliyosema yeye. Soko lote lilinipa mkono.

Basi Odero akasema kamba yake ameisahau, nimwachie ile iliyo shingoni. Sasa lazima nikueleze, kwetu sisi, tangu baba yangu na baba yake, ng'ombe inauzwa lakini kamba inarudi nyumbani, unaivua mwenyewe unaifunga kwenye nguzo ya zizi inangoja ng'ombe nyingine. Mnunuzi anakuja na kamba yake. Kamba ile ilikuwa ya katani, Nangobi aliisokota mwenyewe pajani mpaka ngozi ikawa nyekundu. Sulait mwenye bucha alikuwa amesimama pale, akasema, "Mzee Masaba, kwenu kamba huwa haiuzwi." Lakini nilikuwa nimeshinda, na mtu akishinda hapendi kufundishwa na mwenye bucha, nikamjibu, "Leo kila kitu kina bei." Watu wakacheka. Odero akaongeza pesa ya kamba, na nakwambia tangu soko lile lianze hakuna mtu aliyepata bei kama ile kwa kamba.

Nikafika nyumbani, naye akafika nyuma yangu, hata kitambaa cha mazishi hajafungua kichwani, nikampa habari ya bei, nikaona hajafurahi nikairudia tena polepole, labda hakusikia. Aliniuliza kitu kimoja tu. "Kamba iko wapi?" Nikasema imeenda na ng'ombe. Akapika, akanipa chakula kizuri na mchuzi, hicho ndicho sielewi, mtu mwenye hasira hapiki mchuzi namna ile. Asubuhi akaenda steji akapanda gari, yuko Buwenge kwa kaka yake Lawrence.

Na Obura naye, aliposikia nimeuza vizuri, akapandisha bei ya ekari, akasema ardhi haimngoji mtu. Nikasema basi ninunue ng'ombe nyingine, kumbe ng'ombe nazo zimepanda tena, pesa yangu imesimama katikati kama mtu anayeogopa kuvuka barabara. Lawrence alinipigia simu, kwao huko walifuata bei ya miwa wakang'oa migomba, sasa bei imelala, na bado ana mdomo wa kuniambia, "Shemeji, sisi huku tunakula miwa. Wewe unakula kamba?" Nikakata simu.

Usifikiri namkumbuka sana. Ila chumvi sijui anaiweka wapi. Chai nakunywa kavu, bila maziwa. Nikifungua redio naanza kusema, Mama Night, umemsikia huyo mjinga, halafu hakuna mtu wa kuniambia ninyamaze, basi nanyamaza mwenyewe, na mimi sijazoea. Jana niliona kanga yake kwenye kamba ya nguo, imeanikwa tangu aondoke, sikuianua kwa sababu nikiianua itakuwa kama nimekubali.

Sasa naomba unijibu. Nitafute pesa nyingine niongeze, ninunue ekari kabla haijapanda tena? Nimfuate Odero mpaka Kenya nimrudishie pesa ya kamba? Au nitume wazee Buwenge wakamlete? Mimi mwenyewe siwezi kwenda, nilishaenda kwao mara moja nikamwomba nikapewa, haifai mtu mzima kuomba kitu kile kile mara mbili.

Kama unadhani natia chumvi, muulize Sulait wa bucha ya hapa Busiu, alisimama pale tangu mwanzo, namba yake nimeandika nyuma ya karatasi. Bei ya ng'ombe muulize Odero, hawezi kuisahau. Na ile ya ndizi iliyoungua muulize Nangobi mwenyewe, na ukimpata mwambie nimeieleza bila kuongeza.

Ni mimi Masaba, wa Busiu.

Madinah anajibu

Mzee wangu Masaba, pole, na sasa kaa chini, kwa sababu sitakubembeleza.

Katika barua yako umeitaja bei kila mahali, mpaka mimi mwenyewe nimeanza kuionea wivu. Hukunitajia hata mara moja kwamba ulimuuliza mwenye ng'ombe. Kuku waliouzwa ni wa nani? Karanga ni za nani? Mkeo alikuacha useme "ng'ombe yangu" pale senta kwa heshima, asikuaibishe mbele ya wenzako. Wewe ukaichukua ile heshima ukaipeleka sokoni.

Umesema niulize mashahidi, nimeuliza. Odero nimemwacha, bei yake nimeshaisikia ya kutosha. Nimempigia Sulait. Anasema hukuongeza neno, hilo nakupongeza. Lakini kuna jambo hulijui. Mke wa Sulait alikuwa kwenye mazishi yale yale, na maneno yako yalimfikia kwa simu, naye akamwambia Nangobi, hata kabla Odero hajampandisha ng'ombe kwenye lori. Nangobi aliporudi nyumbani alikuwa anajua yote: ng'ombe, bei, kamba, na ile "leo kila kitu kina bei" yako. Alipokuuliza kamba iko wapi, hakuwa anatafuta kamba. Alikuwa anakupa nafasi ya kusema umekosa. Ukamwambia imeenda na ng'ombe.

Wewe mwenyewe umenieleza maana ya kamba kwenu. Ikirudi kwenye nguzo, watu wa nyumba hiyo bado wanangoja ng'ombe mwingine pamoja. Umri wenu huo, mzee wangu, mwanamke akiona mumewe ameiuza hiyo na bado anacheka, anajiuliza anangoja nini hapo.

Sulait alimkuta Nangobi steji asubuhi ile akimsubiri dereva ajaze gari. Akamwuliza akuambie nini. Sulait hakukuletea ujumbe kwa sababu aliogopa utamfukuza kama wenye malori, kwa hiyo nakuletea mimi, neno kwa neno. Nangobi alisema: "Mwambie, kama kila kitu kina bei, akija Buwenge asije na dalali."

Soma tena. Amesema "akija". Hakusema usije. Mtu aliyemaliza na wewe hakuwekei masharti ya safari.

Sasa fanya hivi. Mahindi yauze wiki hii kwa bei utakayoikuta, yale ambayo bado mazima. Najua bei ni mbaya, lakini fukusi hawasubiri ipande, na msimu mpya ukianza kuvunwa itashuka tena. Ekari ya Obura iache kabisa. Ni kweli ardhi ya barabarani inapanda, na itaendelea kupanda bila ruhusa yako wala yangu, lakini mtu aliyeshindwa kuuza mazao ya shamba alilonalo hana haraka ya shamba la pili. Odero usimfuate. Alilipa, akachukua alicholipia.

Pesa ya ng'ombe yote ni ya Nangobi, pamoja na ile ya kamba uliyojisifia. Mpe mkononi, kisha usimshauri. Akitaka ndama mwingine, mtaenda sokoni pamoja, yeye mbele, wewe nyuma, na atakayepatana bei ni yeye. Atapata mdogo kuliko yule uliyemuuza, kwa sababu bei zimekimbia, na mtakaa muda mrefu kabla ya kuona maziwa. Hiyo hasara ni yako, usimgawie. Katani ipo sokoni, inunue wewe, na umwombe akufundishe kusokota. Mikono yako ikiuma, vizuri.

Wazee usiwatume, hao ndio madalali aliowakataa. Unaniambia haifai kuomba kitu kile kile mara mbili. Nimeisoma barua yako yote, mzee wangu, mahindi, ardhi, ng'ombe, miwa ya shemeji, na kitu pekee nilichokiona humo kinachofaa kuombwa mara mbili ni yeye.

Panda gari la Jinja asubuhi, utafute la Buwenge ufike kabla ya chakula cha mchana, ili wasipate pa kukukwepa. Lawrence atakucheka. Mwache acheke, miwa imemtosha. Watakupa kiti cha mgeni, kikalie, usijifanye mwenyeji. Mwambie Nangobi uliuza ng'ombe wake bila kumwuliza, useme hivyo hivyo, halafu unyamaze mpaka aseme yeye, hata kama itachukua siku nzima. Na ukiwa huko Buwenge, nakuomba sana, usimwulize mtu yeyote bei ya shamba.