Kasuku wa Baba Yako

Rayhana,

Nimerudi kuchukua supu ya baba yako, sasa naenda tena hospitali. Maharage iko jikoni, pasha moto. Kizimba cha kasuku nimekiweka nje, nyuma ya nyumba. Usikifagie kikavu. Vumbi la mavi yake ndilo linaingia kifuani. Mwagia kwanza maji ya sabuni, vaa barakoa, kisha unawe vizuri. Mudogo wako asikaribie kabisa.

Asubuhi daktari alimuuliza baba yako mara ya tatu kama nyumbani iko ndege. Akasema hapana, na homa yake yote ile, akiogopa watamunyang'anya. Mi nimechoka, Rayhana. Nikasema iko kasuku, tena kila siku anamulisha karanga mudomo kwa mudomo. Daktari akaweka kalamu chini. Akasema ni bakteria, na ndege anaweza kukuambukiza hata kama yeye haonekani mugonjwa. Bon, dawa iko. Wamemubadilishia palepale.

Baba yako akageukia ukutani, hataki kuniona. Miaka kumi na saba ya ndoa, mudomo ule haujanilisha mimi hata karanga moja.

~~Fungua kizimba aende zake.~~ Hapana, usifungue. Veterineri, daktari wa wanyama, anakuja kesho kumuangalia.

Nilipoaga ndipo baba yako akafungua kinywa: "Kasuku amekula?"

Basi mupe karanga, kwenye bakuli. Na mi uniwekee maharage kidogo. Hakuna aliyeniuliza.

Mama